Gemu Alizozikumbuka Baba

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo ya magoti yote mawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la huko kambini kwenu wapima ardhi limekuachia angalau macho ya kusomea. Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Na yule mwenzako wa kushika rula ndefu, bado anaisimamisha upande na kukufanya upime kilima kilekile mara mbili? Huku hatujambo. Baba kwa mwili ni mzima: mguu umepungua uvimbe, anakula, asubuhi anatembea mpaka duka la kona na kurudi, na Fundi Uzi, jirani yetu mshonaji, humtupia jicho mimi nikiwa kazini. Paka wako amenenepa mpaka sasa anapita mlangoni kwa ubavu.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kila mtandao wa huko unapokubali. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ulimi wangu umezoea njia za mkato. Ukiniuliza jambo, ulimi unajibu wenyewe kabla sijautuma. Karatasi ni afadhali, inaningoja. Nitampa barua hii dereva wa lori la vyakula la kambi yenu, na ameniapia kwamba ataikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Nakuomba uisome ukiwa umeketi, na uimalize kabla hujamwandikia daktari. Hilo la daktari nitalifikia.

Kwanza nikushukuru kwa pongezi ulizonitumia kuhusu maonyesho. Ulisema umewaonyesha picha wenzako wote hapo kambini na kuwasomea habari ya gazetini pamoja na maneno ya maboksi, na mkuu wenu akasema hajawahi kufikiri kwamba boksi tupu linaweza kumfanya mtu atamani utoto wake. Maneno mazuri, dada. Yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila nikimeza, yapo.

Wewe uliona picha na gazeti tu, basi nikueleze ilivyoanza. Kazi yangu unaijua: nachora vifungashio. Boksi la biskuti, boksi la sabuni, la balbu, la dawa ya meno. Ni kazi ya kumfanya mtu atamani kitu kabla hajakiona. Mwaka jana nilikuwa nachora boksi la peremende za kikohozi, na meneja akawa anairudisha kazi kila siku, leo rangi, kesho herufi, mpaka siku moja akairudisha akisema eti limau langu lina huzuni. Dada, limau! Nilikaa pale nikilitazama limau, nikaona kweli lina huzuni, na kwamba huzuni yenyewe ilikuwa yangu. Jioni ile nikamwomba Kisu, yule bwana wa mashine ya kukatia ambaye hata mkewe humwita hivyo, anipe mabaki ya kadi nzito. Nikachora boksi la gemu ya video. Si gemu iliyopo. Ni gemu ya zamani ambayo haikupata kutengenezwa na mtu yeyote, ya kaseti ya kuchomeka, kama zile zilizokuwa zikiletwa kwenye karakana ya Baba.

Unaikumbuka ile rafu? Watu walileta mashine zao za gemu zitengenezwe, na maboksi yake, na Baba alituambia tuguse kwa macho tu. Sisi tukagusa kwa macho mpaka yakatutoka. Kwenye boksi kulikuwa na mwanamume mwenye kifua kama mlango, anapambana na joka linalotema moto, nyuma yake mji unaungua. Baba alipomaliza kuitengeneza ile mashine akaichomeka kwenye televisheni ya majaribio, na kwenye kioo kikatokea kijisanduku cheupe kinachomfukuza kijisanduku chekundu. Nililia. Wewe ukaniambia ninyamaze, kwamba yule mtu yupo kweli humo ndani, ila televisheni haina nguvu ya kumwonyesha. Niliamini maneno yale miaka mingi, na labda bado nayaamini.

Basi nikachora. La kwanza niliita *Kisima cha Chuma*. Likafuata *Mlinda Mnara*, kisha *Paka wa Bohari*, kisha *Treni Isiyo na Breki*. Nilisugua pembe kwa msasa, nikapitisha chai ya rangi kwenye kingo, nikabandika kibandiko cha bei na kukikwangua nusu, mpaka boksi lionekane limekaa miaka mingi kwenye dirisha linalopigwa na jua. Mbele yalikuwa mazuri, najisifu. Lakini nyuma, pale ambapo huandikwa gemu inahusu nini, nilikuwa sina cha kuandika. Nilijaribu. Kila nilichoandika kilikuwa kama maneno ya boksi la sabuni. Maboksi yangu yalikuwa maiti zilizopakwa poda.

Hapo ndipo Baba anapoingia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. *Kisima cha Chuma* lilikuwa mezani linakauka. Baba alitoka chumbani na kikombe chake, akalitazama, akaweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Kumbe hii bado ipo! Mwenyewe alisema atarudi Ijumaa." Akalichukua kwa mikono miwili, akapuliza ukingo wake kama alivyokuwa akipuliza meno ya kaseti, akavuta kiti. Nilidhani ananitania, unajua utani wake ulivyo mkavu. Lakini akaanza kunieleza gemu ile. Alisema unashuka kisimani ukiwa na ndoo kichwani, na ukiivuta kamba kwa pupa inakatika. Chini kabisa kuna chura kipofu ambaye hakuruhusu kupita mpaka usimame kimya kabisa mbele yake, bila kubonyeza chochote. Akacheka, akasema vijana wengi walishindwa pale pale kwa chura, maana kijana hawezi kukaa bila kubonyeza. Alisema yeye aliimaliza mara moja tu, wakati anaijaribu baada ya kuitengeneza, na alipofika mwisho maji ya kisimani yaliimba.

Dada, sikumwambia kitu. Utakumbuka maneno ya daktari tulipompeleka pamoja: tusibishane naye kwa mambo madogo, akisema jana ni leo tumwachie leo yake. Nikajiambia natii maneno ya daktari. Na siku ile, naapa, nilikuwa nayatii kweli. Ilikuwa huruma tupu. Nilimmiminia chai nyingine nikamwuliza yule chura alikuwa na rangi gani.

Lakini alipokwenda kulala mchana nililigeuza lile boksi nikaandika nyuma yake maneno yake yote, la chura na la kamba na la maji yanayoimba. Nikasoma. Boksi likawa hai.

Kuanzia hapo, neno la daktari nililigeuza mwavuli. Nilikuwa nachora boksi jipya, naliweka mezani karibu na kikombe chake kabla hajaamka, kisha najifanya naosha vyombo. Nilikuwa nategea, dada, kama mtu aliyetega mtego wa panya, masikio yote nyuma. Na yeye hakuniangusha. Paka wa bohari, alisema, haruhusiwi kuua panya yeyote, kazi yake ni kuwahesabu tu, na wakizidi hesabu anafukuzwa kazi. Mlinda mnara anashindwa akipigana na anashinda akisinzia, kwa sababu adui wanaoshambulia ni ndoto zake mwenyewe. Nani angeweza kutunga hayo? Mimi? Mimi mtu wa limau?

Sitaki kujisafisha kwa hili, lakini pia nikiliacha nitakuwa nimekudanganya: zile zilikuwa siku nzuri kwake. Alianza kunyoa ndevu bila kukumbushwa. Alikuwa akiamka ananiuliza kama kuna mashine yoyote imeletwa. Fundi Uzi alisema mzee amerudi ujanani, na kwamba akiendelea hivi tutamtafutia mchumba. Tulicheka wote watatu.

Lakini niliona pia mambo mengine na nikayafumbia macho. Nilipomwekea *Treni Isiyo na Breki*, alikaa nayo muda mrefu kuliko nyingine. Akasema katika treni ile kuna mkata tiketi, mwanamke mwenye kilemba cha kijani, na mchezaji anaweza kuvuka mabehewa yote kwa mabavu, lakini kwa yule mwanamke hapiti mpaka amsalimie kwa jina lake. Nikamwuliza jina lenyewe ni nani. Akafikiri, akafikiri, macho yakamlowa, akasema alikuwa akilijua. Wewe na mimi tunajua kile kilemba kilikuwa cha nani. Kipo mpaka leo kwenye sanduku lako. Na mimi niliandika nyuma ya boksi: *mkata tiketi mwenye kilemba cha kijani*. Nilimchukua Mama kutoka kichwani kwa mumewe nikamweka dukani.

Kisu ndiye aliyezisambaza picha. Hakunitaka ubaya, alifurahi tu. Baada ya muda akaja kiwandani mama mmoja mratibu wa ukumbi wa maonyesho, ambaye sisi tulimpa jina la Mama Miwani kwa sababu alikuwa nayo moja machoni, nyingine kichwani na ya tatu ikining'inia shingoni. Alizishika kazi zangu moja moja. Picha alizisifu kwa adabu. Kisha akageuza nyuma akasoma, akabadilisha miwani, akasoma tena. Akasema watu wa kuchora wapo wengi, lakini maneno haya hajayaona popote, na akaniuliza ni nani ameyaandika.

Nikasema ni mimi.

Jibu halikuchukua hata pumzi moja. Na kusema kweli mkono ulioandika ulikuwa wangu, kwa hiyo nilijiambia sikudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ina vivuli vingi vya kupumzikia.

Maonyesho ulisikia yalivyokuwa. Walijenga rafu za chuma kama za duka la zamani, na taa za manjano, na maboksi yangu yakapangwa kana kwamba mtu angeweza kuyanunua. Jambo ambalo hukusikia ni kwamba Baba sikumwambia. Nilimwambia naenda kazini zamu ya ziada. Nilijipa sababu nyingi: kelele zitamchosha, choo kiko mbali, atapotea katika watu. Zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyokuwa sababu.

Sasa Fundi Uzi, mwenye moyo mweupe kama kitambaa chake, aliliona tangazo kwenye simu. Akadhani nimesahau kumkaribisha mzee wangu kwa wingi wa shughuli. Akampigia pasi lile koti lake la kahawia la karakana, maana Baba alikataa koti lingine lolote, akamleta ili wanishangaze.

Nilikuwa nimesimama na Mama Miwani na wageni wake, mmoja wao mwandishi wa gazeti, nikieleza jinsi mawazo yanavyonijia. Nikageuka nikamwona Baba mlangoni. Koti limenyooka, bisibisi mfukoni, ndevu zimenyolewa. Aliziona rafu. Dada, sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye rafu, hakuniona hata mimi, akaanza kuyapanga maboksi vizuri, akiyapuliza kingo. Kijana mmoja akamwambia kwa upole kwamba hairuhusiwi kugusa. Baba akamjibu kwamba hata yeye huwaambia watoto wake hivyo hivyo, ila hizi ni mali za wateja wake na yeye ndiye aliyezitengeneza.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walidhani ni mchezo. Wakamzunguka. Mmoja akamwuliza hii inachezwaje, na Baba akaeleza habari ya chura. Wakapiga makofi. Mwingine akamletea *Paka wa Bohari*, akaeleza. Alikuwa anaongea kama enzi zile akiwa na wateja watatu kaunta na chuma cha kulehemu mkononi. Mama Miwani akaninong'oneza akiwa na macho yanayong'aa kwamba wazo la kuleta mwigizaji ni la kipekee, mbona sikumwambia. Na mimi nilitabasamu. Sikumwambia kwamba ni mwigizaji na sikumwambia kwamba ni baba yangu. Nilitabasamu tu, na tabasamu likajibu kwa niaba yangu.

Yangeishia hapo ningekuwa na aibu ya kawaida, ya kubebeka. Lakini yule mwandishi wa gazeti alikuwa mtu makini. Alikuwa amesoma nyuma ya maboksi, na alisikia Baba akisema maneno yaleyale, tena na zaidi ya yale yaliyoandikwa. Akaja akaniuliza, mbele ya Mama Miwani, kama hadithi hizi nimezitunga mimi kweli au nimezichukua kwa yule mzee. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini Baba alisikia. Akageuka, akaniona, akafurahi. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ni mwanangu, mwulizeni. Mwanangu, waambie. Si tulikuwa nazo hizi?"

Walinitazama wote.

Dada, nilikuwa na miezi mingi ya kumwambia Baba ukweli tukiwa wawili, mezani, na chai. Nilikuwa na neno la daktari la kunikinga nisimwambie kabisa. Na pale ambapo ningesema neno dogo tu, kwamba ndiyo Baba, tulikuwa nazo, na maneno haya ni yako, hapo ndipo ukweli uliponitoka. Nilisema kwa sauti ya kusikika, ili mwandishi asikie vizuri: "Baba, hizi gemu hazikuwahi kuwepo. Zote nimezitunga mimi. Wewe unachanganya tu."

Nilimwambia ukweli ili kuulinda uongo wangu.

Hakubisha. Natamani angebisha. Alilitazama boksi alilokuwa amelishika, akalifungua, akaona ndani hamna kitu, akalifunga. Akasema, "Ahaa." Akalirudisha kwenye rafu, akalinyoosha liwe sawa na mengine. Kisha akawaambia watu wamsamehe kwa kuwapotezea muda, akaanza kufunga vifungo vya koti lake, na kila kifungo kilikuwa kinakwenda kwenye tundu lisilo lake. Ni Fundi Uzi aliyemsaidia. Mimi nilibaki na wageni. Ndiyo, nilibaki. Gazeti liliandika kwamba nina kipaji adimu cha kutunga, na hiyo ndiyo habari uliyowasomea wenzako.

Niliporudi nyumbani alikuwa ameketi sebuleni na koti lake. Sikujua nianzie wapi, nikamwuliza kama amekula. Akaniambia amekula, anadhani. Halafu akaniuliza, kwa adabu kama mtu anayemwuliza karani, kama ile karakana ilikuwepo. Nikamwambia ilikuwepo. Akaniuliza kama rafu ilikuwepo. Nikasema ilikuwepo, Baba, ya mbao, ulijenga mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, "Na mama yenu, alikuwepo? Au naye ni wa kwenye ile treni?"

Sijui nilijibu nini. Najua niliapa. Najua nilileta picha ya harusi nikamwekea mapajani, naye akaigeuza akatazama nyuma yake, kuona kama kuna maandishi yangu.

Tangu hapo ndivyo anavyoishi. Mambo yanayomtoroka yalikuwa yakimtoroka tangu zamani, tulishazoea. Lakini sasa hata yale aliyobaki nayo hayaamini. Akianza kusimulia kitu anakatiza katikati, anasema basi, labda si kweli. Hanyoi. Juzi alikataa kuingia bafuni kwa sababu hakuwa na uhakika kama mlango ule ni wa bafuni, na badala ya kujaribu aliona heri asimame.

Na sasa nifike kwa daktari. Ulipopiga simu wiki iliyopita, Baba alikuuliza kitu kilichokufanya ulie. Mtandao ulikatika, ukanipigia tena ukiwa na kwikwi, ukaniambia Baba amekuomba msamaha kwanza, kisha akakuuliza kama wewe ni mtu wa kweli au ni katika zile alizotunga mdogo wako. Ukaniuliza maana yake nini. Nikakujibu kwamba ni vile vidonge vipya, vinamvuruga. Ukakasirika, ukasema utamwandikia daktari avisimamishe mara moja, na utamsema mpaka ajue.

Dada, hakuna vidonge vipya. Ni vilevile vya siku zote, na ndivyo vinavyompa usingizi. Usimwandikie daktari. Daktari hana kosa. Aliyemvuruga Baba ni mimi. Maneno yale ya nyuma ya maboksi, ambayo mkuu wenu aliyapenda, ni ya Baba, kila neno, mpaka la yule mwanamke wa tiketi. Nilimwibia alichobaki nacho, na aliponyoosha mkono kukidai, nikamwambia mbele ya watu kwamba hakuwahi kuwa nacho.

Nilikwenda kwa Mama Miwani nikamweleza yote. Nilitegemea anifukuze, nilitamani anifukuze. Alivua miwani zote akafuta macho, kisha akasema inasikitisha sana, na je, mzee angeweza kuja kila Jumamosi akae karibu na rafu, watu wangeguswa. Niliyatoa maboksi siku ile ile. Kisu alinisaidia kuyabeba mpaka kiwandani. Akaniambia yeye baba yake alifariki kabla hawajajuana, na angekuwa naye asingemkosea hata siku moja kwa ajili ya kadi. Kisha akaniazima kitambaa chake.

Nakuomba ukipata likizo uje. Sikuombi uje kunitetea, uje ukae na Baba. Mimi siwezi tena kuwa shahidi wake. Nikimwambia kitu kilikuwepo, ananitazama kama mtu anayetazama picha ya nje akijua ndani hamna. Wewe hukuwahi kumdanganya. Uje umwambie habari za Mama pole pole, na umletee kile kilemba akishike.

Jana jioni nilirudi kazini nikamkuta Fundi Uzi ameketi naye ndani. Sikuingia. Siku hizi kuna dakika ambazo siwezi kuuvuka mlango wa nyumba yetu wenyewe, nakaa kwenye ngazi na mfuko wangu kama mpangaji anayedaiwa. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia Baba akimwuliza Fundi Uzi mambo yake, moja moja, maana sasa anamwuliza yeye, haniulizi mimi. Karakana? Ilikuwepo, mzee, redio yangu uliitengeneza wewe. Mke wangu? Alikuwepo, mzee, na alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka kwangu. Kisha Baba akauliza, na yule binti anayekaa hapa, ni mwanangu kweli?

Fundi Uzi akasema, "Ni wako, mzee. Wa kwako kabisa, kitinda mimba wako."

Nilishika reli ya ngazi. Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni. Kisha Baba akasema, "Kama ni wangu kweli, mwambie basi aingie ndani. Amekaa pale nje muda mrefu, na mvua inakuja."

Niliingia. Sikuweza kumtazama. Alinisogezea kiti kwa mguu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, na tukanywa chai.

Nisikuchoshe zaidi, taa yako huko ni ya jenereta na kesho una vilima. Fundi Uzi anakusalimia sana na anauliza vipimo vyako kama bado ni vile vile. Kisu naye anakusalimia ingawa hamjuani. Baba nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani kutoka kwake. Alifikiri, akasema nikuambie kwamba anadhani anakupenda. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala kupunguza.

Nijibu hata kama ni kwa matusi. Nitayapokea, nayastahili.

Ni mimi mdogo wako, asiye na uso wa kukutazama,

Wino